Siku Salha Aliposoma Maharage

Aibu hii nimeificha tangu Januari, na ningeendelea kuificha lau si kwamba juzi, kwenye harusi, mwanamke nisiyemjua kabisa aliniinamia akaniuliza, "Eti wewe ndiye mama yake yule mtoto wa maharage?" Basi nimeona bora niisimulie mwenyewe, tena kwa mpangilio, maana kazi yangu ni kusoma habari redioni hapa Tanga, na siwezi kuvumilia habari yangu mwenyewe itembee mjini ikiwa na makosa.

Mwanangu Salha alikuwa na miaka minne na nusu. Mama mwenye kosa ni mimi, lakini chanzo ni wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu, ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu hapa Mabawa. Mwanawe, Twaha, alikuwa ameshapata nafasi kwenye shule moja ya awali ambayo kila mzazi anaitaka, na Zuhura hakuacha wiki ipite bila kunikumbusha.

"Siku ya usaili wanampa mtoto kitabu cha kima na dafu," akaniambia. "Twaha alikisoma chote, mwalimu mkuu akabaki mdomo wazi. Salha anasoma?"

"Anaanza anza," nikasema (uongo mtupu, Salha alikuwa anaijua herufi S peke yake, tena aliiita nyoka).

"Aah, anaanza. Haya wifi, wapo watoto wazito, nao hufika."

Hilo neno "wazito" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Pangani kututembelea, alitusikia akashangaa, "Miaka minne asome nini? Sisi tuliambiwa tupitishe mkono juu ya kichwa, ukilishika sikio la upande wa pili basi umekua, unaandikishwa. Usipolishika unarudi nyumbani kucheza." Nilicheka, nikamwambia mambo yamebadilika, mama. Sikukumbuka hata kidogo kwamba mimi mwenyewe niliingia darasa la kwanza na miaka saba bila kujua kushika penseli, na leo nalipwa kwa kusoma.

Nikanunua kitabu hicho hicho cha kima, nikaanza kumfundisha. Ma, me, mi. Siku ya nne Salha akikiona kitabu anasema tumbo linauma, siku ya sita nikamkuta kajificha nyuma ya pazia, na usaili ulikuwa umebaki siku kumi. Hapo ndipo nilipopata lile wazo. Chuoni kwa ustadhi Salha alikuwa ameshahifadhi sura kadhaa kwa kusikia tu, na ustadhi alimsifu kwamba akishika kitu hakidondoki. Basi nikajisemea, kama anaweza kushika sura, atashindwa na kima?

Jumamosi mchana nikakaa jikoni na simu, maharage yakiwa motoni, nikarekodi kitabu chote kwa sauti yangu ya kazini. Kila ukurasa ulipoisha niligonga meza, ko!, ili ajue ni wakati wa kufunua. Nikampa simu na kumwambia, "Sikiliza kila siku, ushike kama chuoni. Usiongeze, usipunguze." (Mimi, ambaye kazini sirushi kitu hewani bila kukisikiliza mara mbili, sikuirudia ile sauti hata mara moja.) Alipokuja kunisomea, ukurasa wa kwanza ulikwenda sawa kabisa, nikamkatiza kwa furaha, "Hongera mwanangu, inatosha!"

Siku ya usaili nikampakia nyuma ya baiskeli, kagauni keupe, nywele nimemsuka, tukaenda. Wazazi tuliketishwa kwenye viti vya watoto kuzunguka ukuta wa darasa, magoti yakitufika kidevuni, na Zuhura naye alikuwepo, amekuja (kwa maneno yake) kunitia moyo. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliwaita watoto mmoja mmoja.

"Shikamoo, mwalimu," Salha akasema.

"Marahaba, mwanangu. Chukua kitabu, kifungue."

Salha akakifungua, akaweka kidole kwenye mstari, akaanza. "Kima amepanda mnazi. Kima ameona dafu." Mama mmoja akamfinya mwanawe kama anayemwambia unaona wenzako? Zuhura akaacha kujipepea. Nami nikajinyoosha juu ya kale kakiti mpaka nikajihisi mrefu.

"Ko!" akasema Salha, akafunua ukurasa.

Mwalimu akainua macho. Baba mmoja akanong'ona, "Dafu hilo limegonga."

"Kima anataka dafu. Ko! Dafu limeanguka, puu! Baba Salha, hebu koroga maharage, yanaungua."

Alilisema kwa sauti yangu ile ile ya taarifa ya habari. Mwalimu akainama kukiangalia kitabu, kama anayetafuta yalipo maharage. Salha akaifanya sauti nzito, ya baba yake sasa, "Kwani lazima asome sasa hivi? Si mtoto bado?" Kisha akarudi kwenye yangu, kidole kikitembea mstarini bila wasiwasi, "Lazima! Nimechoka na Zuhura na Twaha wake, anavyojitapa utadhani amezaa profesa."

Nikainuka nimzuie, kakiti nako kakainuka na mimi, kamenikaba kiunoni, nikawa nimeinama katikati ya darasa kama ninayetafuta shilingi iliyodondoka. Salha akaniona, akaniinulia mkono wa kunisubirisha.

"Mama, bado. Ko! Kima amekunywa dafu. Mwisho. Inazimwaje hii?"

Walicheka mpaka mama mmoja akaomba maji. Zuhura akawapita wote kwa sauti, "Wifi yangu! Kumbe nimezaa profesa na usiniambie nikapika pilau?"

Mimi sikucheka. Nilijua nafasi imekwenda, na nilikuwa nimeipoteza kwa mdomo wangu. Lakini kilichoniumiza ni Salha, aliyewatazama watu wanavyocheka, mdomo ukaanza kumtetemeka, akamuuliza mwalimu polepole, "Nimepunguza?"

Mwalimu akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko. "Hujapunguza hata kidogo, mwanangu. Sasa funga kitabu. Huyu kima wewe unamwonaje?"

Salha akafikiri. "Mwizi. Mnazi si wake. Tena hana akili, dafu likianguka kutoka juu linapasuka, atakunywa mchanga."

Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akanigeukia (bado nilikuwa napambana na kiti). "Mama, nani aliwaambia hapa tunataka watoto wanaojua kusoma?"

Nikamtazama Zuhura. Zuhura akatazama dari.

"Kitabu tunawapa tuone wanavyokishika na kama wana hamu ya kukifungua, basi," akasema mwalimu. "Wakija wote wanasoma, mimi nitamfundisha nani? Huyu anaanza Jumatatu."

Kama mmewahi kutua ndoo ya maji kichwani baada ya mwendo mrefu, ndivyo nilivyojisikia. Tena si mimi peke yangu, darasa zima lilishusha pumzi. Yule baba wa dafu akazirudisha kadi zake za herufi mfukoni kimya kimya, na mama aliyemfinya mwanawe akampapasa pale alipomfinya. Walimu wawili wakanivuta, kiti kikaachia.

Nje, nikiwa nasubiri maneno makali, Zuhura alinishika mkono. "Wifi, Twaha naye alikariri. Mpaka leo ukimpa kitabu kingine anasoma habari za kima yule yule." Tukaegemea baiskeli tukacheka mpaka tukakaa chini. Nilipofika nyumbani, mume wangu akaniambia kwa utulivu kwamba yeye ile sauti ya simuni aliisikia yote tangu siku ya kwanza, alidhani ndivyo nilivyotaka.

Nimeapa: sitarekodi tena kitu chochote jiko likiwa linawaka, na sitamkimbiza mtoto kwenye mbio ambazo hakuna aliyeziandaa. Siku hizi namsomea tu, kidogo, akiwa na hamu. Wiki iliyopita aliniletea kile kitabu mwenyewe, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, amekunja uso.

"Mama, nionyeshe palipoandikwa maharage."

"Hayakuandikwa, mwanangu."

"Na shangazi Zuhura?"

"Naye hayumo."

Akafikiri kidogo, akaenda kuchukua penseli. "Basi tumwandike."

Nikamwambia hilo lisubiri, mpaka atakapofika miaka saba.