Bunduki Moja kwa Wilaya Nzima

Siku yangu ya kwanza katika idara ya wanyamapori sikupewa bunduki. Nilipewa birika la maji ya moto. Mtunza Silaha wa ofisi ya mkoa pale Mwanza, mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi, aliniweka mbele ya benchi lenye bunduki sita, akaniagiza nimimine maji ndani ya kila mtutu, nikaushe kwa kitambaa, kisha nipake mafuta. Risasi tulizotumia zilikuwa za akiba ya zamani, na fataki zake, vile vidonge vya kuwashia baruti, ziliacha chumvi inayokula chuma.

"Ukimaliza tazama ndani, uniambie unaona nini," alisema.

Nilitazama, nikamwambia naona mwanga.

"Mwanga hata kwenye bomba la maji utauona. Tazama mifuo."

Mifuo ni michirizi iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu. Ndiyo inayoizungusha risasi ili iende ilikoelekezwa bila kuyumba. Katika bunduki tatu mifuo ilionekana vizuri. Katika tatu nyingine ilikuwa imelika, ukipitisha jicho unaona kama ukuta wa chungu kilichopikiwa miaka mingi.

"Hizi tatu ni za gwaride," akasema Mtunza Silaha.

Nilipomaliza mafunzo nikapangiwa wilaya ya Magu. Siku ya kwenda kuchukua bunduki ya kituo, nilikabidhiwa mojawapo ya zile tatu.

Vijana wengi hudhani askari wa wanyamapori alikuwa mtu wa mbugani, wa kuwinda majangili. Mimi kazi yangu ilikuwa ya matope. Kule Magu watu wanalima mpunga hadi karibu kabisa na ziwa, na kiboko haoni mpaka kati ya nyasi za serikali na mpunga wa mtu. Wananchi wakilalamika, ofisi inanituma. Nilikuwa na baiskeli, buti za mpira na ile bunduki ya bolti, yaani yenye komeo la chuma ambalo unalivuta na kulirudisha kwa mkono kila unapotaka kupandisha risasi nyingine. Bunduki ya bolti ni nzuri kwa kazi yetu. Ni rahisi kusafisha, haina vyuma vingi vya kuharibika, na inakufundisha kufikiri kabla ya kupiga, kwa sababu risasi ya pili haiji yenyewe.

Lakini mtutu ukishachakaa, komeo halisaidii kitu. Nilijifunza kusogea hadi hatua thelathini, mahali ambapo hata bunduki mbovu haikosi sana. Nilimwandikia Afisa wa Wilaya, mkuu wangu wa kazi, barua mara tatu. Alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri na suti mbili. Kila barua aliijibu kwa mdomo.

"Nimekuelewa, kijana. Bajeti ikiruhusu."

Asubuhi moja ya msimu wa mavuno niliitwa kijiji kimoja cha pwani ya ziwa. Dume la kiboko lilikuwa limebaki shambani baada ya jua kuchomoza. Kati yangu na lenyewe palikuwa na jaruba la mpunga lenye matope ya magotini, kwa hiyo sikuweza kusogea bila kulishtua. Ilikuwa kama hatua themanini. Nyuma yangu watu walikuwa wamekusanyika, wanasema piga, linaondoka. Nililenga nyuma ya sikio. Risasi ikaingia kwenye taya. Dume likapiga kelele, likakimbilia kwenye mafunjo.

Tulilitafuta mchana kutwa bila kuliona. Kiboko aliyejeruhiwa hakimbii mtu tena, anamfuata. Niliwaambia wanakijiji wasikaribie maji mpaka tulipate. Walinisikia. Ila kijiji kile hakikuwa na kisima, na siku iliyofuata, saa mbili asubuhi, Mama Kabula aliteremka na ndoo. Alikuwa mama wa makamo ambaye mara nyingi alinikaribisha maziwa ya mgando nikipita pale na baiskeli. Hakurudi.

Dume lile tulilimaliza saa sita, karibu sana, kwa risasi nne. Jioni nilikwenda msibani. Mume wake, Mzee Masunga, alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba. Nilimwamkia, akaitika, akanionyesha pa kukaa. Ndipo akaniuliza.

"Ulikuwa unajua kwamba bunduki yako inakosa?"

"Nilikuwa najua, mzee."

"Ukaja nayo."

"Sikuwa na nyingine."

Angenitukana ningejua la kufanya.

Miaka ile ya tisini biashara ilikuwa imefunguliwa. Vitu ambavyo zamani vilipatikana kwa kibali cha kampuni ya umma vikaanza kuonekana kwenye maduka ya watu binafsi, na pale Mwanza mfanyabiashara mmoja wa ukoo wa siku nyingi mjini akapata leseni ya kuuza silaha. Baada ya kile kifo halmashauri ilitoa fedha za bunduki moja. Moja, kwa wilaya nzima. Afisa wa Wilaya akanichukua tukaenda kuchagua.

Mwenye duka aliweka tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa na kitako cha mti uliong'arishwa hadi ungeweza kujitazama humo, nakshi ya ndege kwenye chuma, na darubini juu yake. Ya pili ilikuwa imeshatumika. Ya tatu ilikuwa mpya ya kiwandani, ya bei ya chini, mti wake hauna rangi, chuma kimepakwa weusi wa kufifia.

Afisa wa Wilaya aliishika ile ya nakshi. "Hii inafaa ofisi," akasema.

"Naomba tuzipige kwanza, Bwana Afisa," nilisema.

Mwenye duka akatabasamu. "Bunduki haijaribiwi kama viatu, ndugu yangu. Ukishaipiga ni yako."

"Basi tutakwenda kuagiza kwingine."

Hapakuwa na kwingine, na yeye alijua. Lakini mteja wa serikali alikuwa bado anaheshimiwa. Akaomba kibali cha polisi, na kesho yake tukaenda wote kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji.

Nilijaza gunia pumba za mpunga, nikabandika karatasi, nikapima hatua mia moja. Kila bunduki niliipiga risasi tatu nikiwa nimelala, huku nikiuacha mtutu upoe baada ya kila risasi. Watu hutazama kama risasi imepiga katikati. Mimi nilifundishwa kutazama kama zimekaa pamoja. Zikikaa pamoja, hata kama ni pembeni, unasogeza kilengeo na kazi imekwisha. Zikitawanyika, hakuna cha kusogeza.

Ile ya nakshi ilitawanya. Mti wake mzuri ulikuwa unaugusa mtutu upande mmoja, na chuma kilipotikisika kwa mshindo kikasukumwa pembeni. Ile iliyotumika ilikuwa na mifuo kama ile ninayoijua. Ile ya bei ya chini iliweka risasi tatu mahali ambapo ningeweza kuzifunika kwa kifuniko cha kopo la maziwa. Komeo lake lilikuwa gumu kidogo, kitako kizito. Hayo huzoeleka. Tena risasi zake zilipatikana palepale Mwanza, na fedha ambayo ingebaki ingetosha kununua za kujifunzia.

Afisa wa Wilaya aliitazama. "Huu mpini wa jembe ndio unaoutaka?"

"Ndiyo, Bwana Afisa."

"Mkuu wa Wilaya akija kukagua nitamwonyesha nini?"

Nilikuwa nimechoka siku ile, na uchovu ulinipa ujasiri ambao kwa kawaida sikuwa nao. Nikamwambia, "Ukichukua ile ya nakshi, safari nyingine utakwenda msibani wewe. Mimi nitabaki ofisini."

Tukarudi dukani. Akasaini ya bei ya chini.

Niliitumia kwa kiboko mara moja tu. Ilikuwa asubuhi, katika kijiji kilekile. Risasi iliingia nyuma ya sikio, na dume likaanguka mahali liliposimama. Watu walikuja na visu kugawana nyama. Mzee Masunga naye alikuja, ila hakuwa na kisu. Aliinama akatazama lile tundu dogo.

"Risasi ngapi?"

"Moja, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu, akageuka, akaenda zake nyumbani.

Kabla mwaka haujaisha nikapata barua ya uhamisho kwenda Ukerewe. Bunduki ilibaki Magu. Kule kisiwani nilipewa ya zamani, nikarudi kwenye hatua zangu thelathini, mpaka serikali ilipoanza kupunguza watumishi na jina langu likatokea kwenye orodha. Sikulalamika. Sikio la kushoto lilikuwa limeshakufa kwa mishindo, na bega la kulia hadi leo halinyanyui ndoo.

Sasa nalima mihogo karibu na Kisesa. Mwezi uliopita afisa wanyamapori kijana alinitembelea. Aliniamkia vizuri, akakaa upande wangu wa kulia bila kuambiwa, akaniuliza jinsi ya kuchagua bunduki ya bei nafuu. Nikamweleza yote haya, naye akaandika. Mwishoni nikamwambia kwamba hilo ni jambo dogo. Kubwa ni siku utakayopewa bunduki mbovu na kuambiwa nenda. Siku hiyo usiende.

"Na mpunga wa watu, babu?"

"Utapandwa mwingine."

Akaacha kuandika. "Hilo siwezi kumwambia bosi wangu."

"Najua," nilimwambia. "Hata mimi sikuweza."