Mashine Tatu za Kupima Sauti

Aneth Lukelo alizaliwa Michenga, na hata alipohamia mjini Ifakara watu waliendelea kumwita Aneth wa Michenga, kwa sababu sauti yake ilibaki ya huko: sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwenzake ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Alianzia kwenye redio kol ya mashamba ya miwa, enzi zile ambapo ukitaka kusikika unabana kitufe na kupayuka, kisha akachukuliwa na mradi mmoja wa afya ya mama na mtoto uliokuwa na ofisi njia ya Katindiuka. Hapo akakabidhiwa simu.

Sasa, simu ya mradi ule haikuwa ya waya kama ile ya posta. Ilikuwa mwaka tisini na tisa. Walikuja mafundi, wakasimika dishi kubwa juu ya paa, na tangu siku hiyo sauti ikawa inaingia kwenye kompyuta, inapanda angani, inashuka Dar es Salaam katika ofisi ndogo ya mradi huohuo. Simu ya intaneti, waliiita. Unavaa hedifoni, kidude cha kusemea kinakaa karibu na mdomo, unaongea huku unaitazama skrini. Siku nzuri ulimsikia mtu wa Dar kama yuko chumba cha pili. Siku mbaya maneno yalikuja vipande vipande, kama ya mtu anayeongea huku anatafuna muwa.

Mkuu wa mradi, Dakta Kassian, alichoshwa na muwa huo. Alitaka mashine ya kukaa kwenye simu muda wote, isikilize, iseme sauti inaharibika saa ngapi na kwa sababu gani. Kumbe mashine za namna hiyo zilikuwepo, na wauzaji wake walikuwa wakigombania wateja kama mawakala wa mabasi stendi. Kampuni tatu zikakubali kuleta zao zijaribiwe. Dakta akachagua wafanyakazi watano wasikilize na kutoa alama, moja mpaka tano, na Aneth akawa mkubwa wao.

Mashine ya kwanza ilitoka Afrika ya Kusini, ndani ya katoni, na kitabu kinene cha Kiingereza. Ilichora mistari ya rangi kwenye skrini, mizuri kweli, lakini ilichora baada ya simu kwisha. Mudathiri, mtunza stoo, mtu wa Kilwa mwenye maneno mengi, alisema hiyo ni kama jirani anayekuja asubuhi kukuarifu kwamba jana nyumba yako iliungua. Wakaipa mbili.

Ya pili ilikuja kwa diski kutoka Ulaya. Hiyo ililia kila neno lilipokatika. Na kwa kuwa maneno yalikatika mara kwa mara, ukawa husikii neno wala nusu ya neno, unasikia mlio tu. Nayo wakaipa mbili.

Ya tatu ililetwa na mtu. Hapo ndipo jambo lilipoanzia.

Mtu huyo aliitwa Fridolin, mzaliwa wa Mahenge aliyekuwa wakala wa kampuni moja ya nje pale Dar. Alishuka kwenye treni ameikumbatia mashine yake kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa mtu mzima, mwenye adabu, aliyewaamkia hata waliokuwa wadogo kwake. Aliifunga mashine mwenyewe, akaeleza kwa Kiswahili chepesi, akasema hii yake haipimi tu, inafanya na kazi: ikiona simu imekufa, inaikata ili njia ya angani isishikiliwe bure. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyeuliza mashine inajuaje kwamba simu imekufa. Mchana wakampikia wali na samaki, kitoga wa kukaanga, akala, akasifu, akaomba ukoko.

Baada ya chakula Dakta akawataka watoe alama, palepale, mgeni akiwa amekaa. Aneth aliona wazi kwamba upimaji wa mashine ile haukupita sana ule wa zile mbili. Lakini utamtazamaje usoni mtu aliyesafiri na mzigo wake, akala kwako, umwambie kitu chake kibovu? Zile mbili zilikuja bila wenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kumwonea haya. Mudathiri akamwinamia Aneth, akamnong'oneza kwamba mtu aliyemaliza kitoga mzima hapewi mbili. Aneth akaandika nne. Wengine walipoona mkubwa wao kaandika nne, nao wakaandika nne. Mudathiri akaandika tano.

Na majaribio yenyewe yalikuwaje? Walipigiana simu na Firdausi, msichana wa ofisi ya Dar, wakataniana, wakasomeana magazeti, wakacheka. Hakuna aliyenyamaza hata kidogo. Nani ananyamaza kwenye majaribio ya simu?

Mashine ya Fridolin ikanunuliwa.

Masika ya mwaka huo mama yake Aneth, Sikitu, alikuwa Dar kwa mwanawe wa pili, Raimundi. Alipelekwa kutibiwa tumbo, na hospitali ikamrudisha nyumbani kwa maneno ya upole, yale ambayo watu wazima wakiyasikia wanaelewa. Ikabaki kuulizana atazikwa wapi. Ukoo ulitaka Michenga, kando ya marehemu Lukelo, ambako pameachwa nafasi yake miaka yote. Raimundi alitaka Dar. Hakuwa mtu mbaya, Raimundi. Alisema mto umefurika, barabara imekatika, treni haina uhakika, na hawezi kumzungusha mama yake kwenye matope kama gunia. Walibishana kwa simu, Raimundi akipiga kutoka posta, mpaka wakakubaliana kitu kimoja: mama aulizwe mwenyewe, atakalosema ndilo.

Aulizwe na Aneth, maana ni binti na ndiye mkubwa. Dakta akaruhusu simu ya mradi itumike.

Raimundi akamleta mama ofisini Dar kwa teksi. Chumba cha simu kilikuwa kidogo, kimejaa Firdausi na kompyuta. Raimundi akamkalisha mama, akatoka kukaa kwenye benchi la nje, amwache aongee na bintiye. Firdausi akamvisha bibi hedifoni juu ya kilemba, akajisogeza pembeni, mbali na skrini.

Sauti siku hiyo ilikuwa safi ajabu. Aneth aliamkia, mama akaitikia kwa Kindamba, lugha ya kwao, akauliza habari za wajukuu, za mpunga, za kuku mweusi aliyekuwa akitaga kwa jirani. Alicheka hata. Kisha Aneth akauliza lile aliloagizwa. Aliuliza kwa kuzunguka, kama inavyotakiwa, na mama akaelewa.

Mama akanyamaza.

Lazima niwaeleze unyamavu huo. Wazee wa Michenga aliokulia kwao Aneth walikuwa hivyo: jambo zito likija, mtu hulikalia kwanza. Anatulia mpaka neno liive, ndipo analitoa, na akilitoa amelitoa, haulizwi tena. Na mtoto aliyefundwa hamharakishi. Hakohoi, hasemi "mama, upo?" Anatulia naye. Kwa hiyo Aneth naye alikaa kimya Ifakara, mikono mapajani, akiusikia unyamavu wa mama yake kama alivyousikia jikoni kwao tangu utotoni.

Unyamavu huku, unyamavu kule. Mashine ya Fridolin ikasikiliza pande zote mbili, haikupata kitu, ikahesabu simu hiyo kuwa imekufa. Ikakata.

Simu ya kompyuta haikuwa na ule mlio wa kukatika. Aneth alijua tu kwa kuwa macho yake yalipita kwenye skrini na kukuta maandishi kwamba mazungumzo yamekwisha. Akapiga upya. Dishi lilichukua muda wake kuitafuta njia, likakosa, likatafuta tena. Alipompata Firdausi aliambiwa wameshaondoka, mama alikuwa amechoka, mwanawe amembeba mpaka kwenye teksi. Nyumbani kwa Raimundi hapakuwa na simu, na Firdausi hakujua wanakokaa. Aneth akasema moyoni, basi, nitakwenda mwenyewe. Akaomba ruhusa, akaenda stesheni, akaambiwa maji yamekula tuta la reli na treni haitembei. Kila asubuhi alikwenda kuuliza.

Wiki haikwisha. Raimundi akapiga kutoka ofisi ile ya Dar, na Aneth alijua kabla hajaambiwa, kwa jinsi alivyomwita.

"Dada. Mama ametutoka alfajiri."

Aneth alilia, na Raimundi akamwacha alie. Halafu akauliza, taratibu, "Alikwambia nini siku ile?"

"Hakuniambia. Simu ilikatika."

"Dada, nilimuuliza kwenye teksi. Alisema, nimeshamwambia dada yako. Nikamuuliza tena, akaniangalia tu."

Mudathiri, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai cha kumbembeleza, alisimulia baadaye kwamba Aneth alishika meza kwa mikono miwili. Sisi tulio nje ya jambo tunaweza kuona jinsi lilivyokuwa jepesi. Neno moja tu. Aneth angesema Michenga, Raimundi angelia na kukodi gari, angelipitisha kwenye matope kwa namna yoyote, kwa kuwa ahadi ni ahadi na neno la mama ni neno la mama. Ukoo mzima ungefurahi. Na huenda ndilo lililosemwa.

"Sikusikia, mdogo wangu," alisema Aneth. "Alinyamaza, na mimi nikanyamaza, ikakatika. Sikusikia kitu."

Raimundi akashusha pumzi. "Angesema Michenga ungekuwa umeshanipigia kelele tangu siku ileile. Nakujua. Amesema hapahapa Dar, unaona uchungu kulitamka." Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu anayempunguzia dada yake mzigo. "Usiseme basi. Nimeelewa."

Aneth alikana, akaapa, na kila alivyoapa ndivyo mdogo wake alivyozidi kumhurumia. Sikitu akazikwa Dar kesho yake, jua likiwa kali.

Aneth alifika treni ilipofunguliwa, matanga yakiwa yanaelekea kuanuliwa. Firdausi alikuja kumpa pole, akakaa naye mkekani, na katika kumfariji akasema kwamba bibi aliagana naye vizuri, maana siku ile aliongea kwa muda mrefu.

"Aliongea lini?" Aneth akauliza.

"Mlipokuwa kwenye simu. Mwanzo mlicheka, akatulia kidogo, halafu akaongea. Aliongea pole pole, mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Akavua hedifoni mwenyewe, akanishukuru."

Aneth akamwita Raimundi aliyekuwa nje na wanaume. Firdausi akarudia. Walimuuliza bibi alisema nini. Binti wa watu alikuwa mtu wa Tanga, Kindamba hakijui hata cha salamu. Alijaribu kukumbuka, akafumba macho, mdomo ukataka kutoa sauti fulani, ukashindwa. Akaanza kulia, akisema angejua angetega sikio. Raimundi alikaa chini palepale mlangoni, kwenye viatu vya watu. Sasa aliamini kwamba dada yake hakusikia, na kuamini hakukumsaidia mtu.

Fridolin alirudi Ifakara baada ya mavuno kukagua mashine yake. Wakampikia tena. Safari hii Aneth alimsimulia yote, bila ukali, huku akimpakulia. Mzee wa watu hakula. Aliuliza kwa nini hawakumwambia kwamba huku watu hukaa kimya kwenye simu, na Aneth akamwambia kwamba hata wao hawakujua, maana hakuna anayejua jinsi anavyonyamaza. Fridolin akanawa, akaenda kwenye kompyuta, akafungua ukurasa mmoja, akabadilisha tarakimu moja, ile ya sekunde za kimya. Chai yake ilikuwa bado ya moto alipomaliza. Dakta Kassian akauliza kama waipime upya na kuipa alama upya, na Aneth akasema yeye asihesabiwe, wapime wengine.

Kiangazi alikwenda Michenga kupalilia kaburi la baba yake pamoja na mama yake mdogo, Brigitha, mwanamke mkavu aliyekuwa hajamsamehe mtu yeyote. Walilima mpaka Brigitha akaegemea jembe.

"Ulikuwa nalo mdomoni. Michenga. Nani angekwambia umesema uongo?"

"Na kama alitaja Dar, mama mdogo?"

"Sikitu? Dar?" Brigitha akatema mate pembeni. "Kule hata maji ya kunywa alikuwa anayasema."

"Labda alimwonea huruma Raimundi na matope."

Brigitha alimjua dada yake. Alijua huruma zake pia. Akarudi kwenye jembe, na alipofika pale palipoachwa wazi kando ya Lukelo hakuuliza kama pafyekwe au pasifyekwe. Alipaacha na majani yake, akaendelea mbele. Aneth naye, alipofika, akapita.