Kitambaa Kilichokatwa kwa Heshima

Tangu Jumapili Verlene Honeycutt hakukalika. Anaanza kuosha vyombo, anaviacha majini, anakwenda dirishani, anarudi chumba cha cherehani kukigusa kitambaa cha nailoni kilicholala mezani, kisha anatoka tena. Ijumaa asubuhi wanaume wa kanisa wangepanda mlimani kulala huko, kama walivyofanya kila vuli tangu enzi za marehemu mumewe, Hobart. Mwanawe Garland alikuwa ameshasema hendi.

Sababu ilijulikana bonde zima. Mwaka uliopita Garland alinunua bembea ya kulalia, ile ya kitambaa inayofungwa kati ya miti miwili. Alipojilaza ndani ilipasuka upande wa kichwa, ikammwaga matopeni mbele ya wenzake wote. Coy Ledford, mmoja wao, ambaye hajawahi kuwa na neno akalimeza, alisimulia kwa kinyozi, dukani, hata kwenye ngazi za kanisa, kwamba walidhani mlima umeporomoka. Wakamwita Tetemeko. Garland alicheka nao mara ya kwanza. Mara ya pili alitabasamu. Kisha akaacha kwaya, na siku za chakula cha pamoja akawa anakula peke yake ndani ya gari. Verlene aliona wazi kwamba mwanawe akiikosa safari hii, hatarudi tena kati ya watu.

Kwa hiyo aliamua kumshonea bembea mwenyewe. Mama yake alikuwa mshonaji, naye alikuwa mshonaji, na hakuna mtu katika milima ile ya Carolina Kaskazini aliyewahi kudai kwamba mshono wake umefumuka.

Akina Honeycutt ni watu wa miili mikubwa, na katika nyumba ile miili haikutajwa. Tangu alipoolewa, Verlene alikuwa akikata vibandiko vya saizi kwenye mashati ya Hobart, na baadaye ya Garland, kabla hajayaanika, ili jicho la jirani lisipate cha kusoma. Mtu anayeshona bembea huuliza kwanza uzito wa atakayeilalia. Verlene hakuuliza. Alikisia, tena alikisia kama mtu mstaarabu anavyokisia: alipunguza.

Jumatano kazi ilikwisha. Ncha zote mbili alizipiga mishororo mitatu ya mshono, iliyonyooka na kupendeza, akaitundika kwenye boriti za ghala, akafunga mlango, akaipakia magunia matano ya chakula cha kuku. Ikashika. Hapo akamwita Garland, aliyekuwa akitengeneza uzio, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba bembea iko tayari, imejaribiwa, na hakuna haja ya mtu yeyote kujua kuwa imeshonwa nyumbani.

Garland aliitazama kitambo. Alikwenda pembeni, akainua gunia jingine, akalilaza taratibu juu ya yale matano. Verlene akadhani amemaliza. Akarudi, akaleta la saba. Kitambaa kikalia. Garland akaongeza ndoo ya misumari, akasimama huku mikono imening'inia, akingoja mama yake aangalie.

Verlene aliangalia. Matundu ya sindano, yale aliyoyapanga kwa ufundi wake wote, yalikuwa yakifunguka moja baada ya jingine kama matundu ya mkanda mkuukuu.

"Na hapo bado buti, Mama," Garland alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Akashusha magunia, akarudi kwenye uzio.

Verlene alizunguka ghala, akatoka, akaingia, akatoka tena. Hasira zake hazikuwa na pa kukaa: alimkasirikia Coy, akamkasirikia Garland, mwishowe zikabaki kwake mwenyewe. Akakatiza shamba kwa haraka mpaka kwenye uzio, akamuuliza mwanawe waziwazi, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, ana ratili ngapi. Garland alitazama barabarani kuona kama kuna anayepita. Kisha akamtajia. Verlene akamshukuru kama mtu aliyeambiwa saa.

Alikata upya. Safari hii kitambaa kilikuwa cha tabaka mbili na kirefu zaidi, kwa sababu mtu mkubwa kwenye kitambaa kifupi hujikunja kama samaki kikaangoni. Nchani hakupitisha sindano. Alizikusanya kwa mikono, mkunjo juu ya mkunjo, akazikaza kwa kamba. Vidole vilimwasha kuongeza hata mshororo mmoja wa urembo. Ikambidi aondoke mezani, azunguke nyumba, arudi.

Ijumaa gari la Coy liliingia uani, wanaume watatu ndani. Garland alikuwa nje, begi mgongoni, bembea mkononi, na Verlene hakujua bado kama amejiandaa kwenda au kuwaaga.

"Habari za asubuhi, Bi Verlene," Coy alisema kwa adabu, kisha akamgeukia Garland. "Tetemeko, umebeba nini? Godoro?"

"Bembea. Mama kanishonea kwa ratili mia tatu na themanini," Garland alisema. "Ndizo nilizo nazo."

Coy akaitazama bembea, kisha akamtazama Verlene.

Verlene alitamani ardhi ya uani immeze. Lakini Garland alikuwa ameshakwenda kwenye ile mialoni miwili mikubwa inayotazama barabara, si nyuma ya nyumba, akafunga kamba, akaketi, akajilaza, miguu juu. Kitambaa kikalalamika. Gari la jirani lilipunguza mwendo. Verlene hakuingia ndani. Alisimama barazani, na dereva alipomtazama alimpungia mkono.

Kitambaa kikashika.

"Nipe mkono, Coy," Garland alisema. "Kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo kazi."

Coy akavuta, akateleza, nusura amwangukie. Wenzao gari zima wakaangua kicheko, na Garland akacheka pia.

Walipoondoka Verlene alibaki amesimama. Alikuwa na kiti nyuma yake na hakukikalia. Alitega sikio kwenye vicheko vile vinavyoteremka bondeni, akijaribu kukichambua cha mwanawe kati ya vya wenziwe, mpaka gari likapinda nyuma ya kilima.