Mbwa Aliyelala Juu ya Nywele

Bi Dalenda na mumewe Khemais walikaa ghorofa ya juu yangu pale Hammam-Lif, kwenye nyumba inayotazama mlima upande mmoja na reli upande wa pili. Khemais alikuwa kinyozi tangu ujana wake mpaka mgongo ulipomkatalia. Duka akamwachia mpwa wake, lakini mkasi na kitana hakuviacha. Sisi majirani tuliendelea kukatwa nywele kwenye roshani yake, na malipo yalikuwa kumsikiliza, kwa sababu maneno hayakuwa yakimwishia.

Mkewe hakuwa msemaji. Watoto walipokwisha kuoa na kuolewa, alijiunga na watu wa Daktari Olfa, mganga wa wanyama wa pale mjini. Hao huokota mbwa waliogongwa au kutupwa, huwatibu, kisha humtafutia kila mmoja nyumba ya kudumu. Kabla nyumba haijapatikana, mbwa lazima akae kwa mtu, azoee sauti za ndani na kujua kwamba mlango ukifunguliwa si lazima apigwe. Mtu huyo alikuwa Bi Dalenda. Alipokea mmoja mmoja, maana nyumba yao haikuwa na nafasi ya wawili, na aliwapa majina ya vitu vya jikoni. Alisema ukimpa mbwa jina la mtu, siku ya kumtoa utalia kama umetoa mtu.

Majirani wachache walinung'unika. Imamu alipoulizwa akajibu kwamba kwa madhehebu yetu ya Maliki mbwa si najisi, ila kelele zake zikimnyima jirani usingizi, hilo ni jambo jingine. Bi Dalenda akahakikisha kelele hazipo. Khemais naye alitoa msimamo wake mapema: mbwa ni wa mke wake, yeye hawalishi, hawaogeshi, wala hasemi nao.

Majira ya kuchipua yaliyopita aliletwa dume mmoja mwembamba, wa rangi ya bizari nyembamba, ndiyo maana akaitwa Kammun, jina la bizari hiyo kwa Kiarabu. Aliokotwa kando ya reli, shingo imekatwa na waya. Alijipenyeza chini ya sinki na hakutoka ila kwa haja. Hata Bi Dalenda, mwenye subira ile, alimlisha kwa kusukuma bakuli kwa ufagio. Kabla hajamzoea, dada yake huko Sfax akaanguka na kuvunjika nyonga, ikabidi aende kumuuguza. Khemais akabaki na mbwa.

Wiki ile nilipanda kwenda kukatwa nywele. Khemais alinifunga kitambaa shingoni akaanza habari zake: timu yetu ya mpira, bei ya dagaa, mkwewe wa Bizerte asiyejua kukaanga yai. Huku mkasi unalia taratibu, nikaona pua inachungulia mlangoni. Kammun alikuja kwa tumbo, karibu anatambaa, akafika miguuni pangu na kujilaza juu ya nywele zilizoanguka. Nilitaka kuvuta mguu.

"Usitikisike, Moncef," Khemais aliniambia kwa sauti ileile ya habari za dagaa. "Endelea kunijibu. Ukinyamaza ataogopa."

Basi tukazungumza upuuzi mpaka kichwa changu kikabaki karibu upara.

Tangu siku hiyo nilisikia sauti ya Khemais kupitia dari, asubuhi mpaka jioni, na nilijua hana mgeni. Alimchana Kammun kwa kitana cha wateja, akamtoa miiba masikioni, akampaka dawa kwenye kidonda cha shingo. Alipokula mkate wa tabuna, ule unaookwa kwenye tanuri la udongo, na mafuta ya zeituni, kipande cha kwanza kilikwenda chini ya meza. Kila alasiri waliteremka pamoja hadi ufukweni, mzee mbele, mbwa nyuma ya kisigino chake.

Dada yake Bi Dalenda alikawia kupona. Akiwa bado huko, Daktari Olfa aliwatuma watu wawili kuja kumwona Kammun: Nizar na mkewe Rim, wenye kitalu cha miche huko Grombalia. Nilikutana nao ngazini wakipanda, Rim amebeba blanketi jipya. Baada ya muda mfupi nikawaona wakishuka nalo. Nikadhani mbwa hajawapendeza.

Bi Dalenda aliporudi, hata mizigo hajafungua, aligonga mlango wangu. Uso wake ulikuwa wa huruma tupu.

"Pole, ndugu yangu. Daktari ameniambia. Hebu nione."

"Uone nini, Bi Dalenda?"

"Ulipoumwa na Kammun."

Nikapandisha suruali nikamwonyesha mguu mmoja, halafu wa pili. Alivitazama vifundo vyangu, kisha akatazama dari. Akapanda zake juu polepole.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye na Khemais mwenyewe. Aliwaambia wale watu wa Grombalia kwamba mbwa ana kifafa, anang'ata bila kuonya, na jirani wa chini ameshonwa nyuzi. Bi Dalenda alipomuuliza kwa nini, akasema hataki apelekwe, atamfuga yeye, mambo yaishe.

"Sikukatazi kumpenda," mkewe akamwambia. "Nakukataza kumsingizia. Daktari kamtafutia watu wema, wakaja mpaka mlangoni, na wewe ukamwita mwenye kifafa."

Kisha akamweleza jambo ambalo Khemais hakuwahi kulifikiria. Pale kliniki kulikuwa na jike mwenye mguu uliovunjika. Matibabu yamekwisha, lakini hatoki kizimbani kwa sababu nyumba aliyokuwa anangojea ni hii yao, na hii yao imejaa.

Kesho yake Khemais alikwenda kliniki kununua chakula cha mbwa, au ndivyo alivyosema. Alimkuta yule jike amegeukia ukuta. Alisimama pale, akaanza kumwambia habari za mpira. Jike hakugeuka, lakini sikio moja liligeuka. Khemais alirudi nyumbani mikono mitupu, akaja moja kwa moja kwangu kuomba nimpeleke Grombalia kwa gari langu.

Bi Dalenda hakuja nasi. Alisema aliyesema uongo akausahihishe mwenyewe.

Njia nzima, mizabibu huku na huku, Khemais alikaa kiti cha nyuma na Kammun, asitamke neno. Tulimkuta Nizar akimwagilia miche ya michungwa. Alipomtambua mzee, alifunga bomba na kusimama mikono kiunoni.

"Mzee, si ulisema anang'ata?"

"Haumi. Wala hana kifafa. Nilikuwa na wivu, mwanangu, nikawafukuza. Na jirani niliyesema kaumwa ndiye huyu, mtazame, mzima."

Nikalazimika kupandisha suruali tena.

Nizar hakucheka. Alisema mkewe alilia njia nzima siku ile, kwa kudhani mbwa ni mgonjwa na hatapata mtu. Khemais aliinamisha kichwa akapokea lawama zote. Rim ndiye aliyetoka ndani, akamwona Kammun amesimama nyuma ya kisigino cha mzee, akachuchumaa mbali kidogo bila kumwita. Tulingoja sana. Kahawa ililetwa, ikanywewa. Mwishowe Kammun alizunguka safu ya miche, akanywa maji yaliyotuama chini ya bomba, akaenda kunusa kiatu cha Rim.

Khemais akawafundisha: mkono usimjie kutoka juu, waya zisiachwe karibu naye, na asemeshwe wakati wote, hata kama hakuna la kusema. Nizar alianza kulegea, akamuuliza habari za chakula. Tulipoondoka, Kammun alitufuata hadi lango. Rim alimwita jina lake, mbwa akasimama katikati, akatutazama, akamtazama yeye. Alikuwa bado amesimama hivyo gari lilipokata kona.

Khemais aliomba nisimamishe gari karibu na shamba la mtu. Akashuka, akakaa ukingoni mwa barabara, na mimi nikabaki kwenye usukani nikijifanya kutafuta kitu chini ya kiti.

Jike wa mguu uliovunjika aliletwa wiki ileile, akaitwa Filfila, yaani pilipili. Mwalimu mmoja wa Radès ndiye aliyemchukua, baada ya Khemais kumhoji kama mtu anayeozesha binti: nyumba ina kivuli? Nani anabaki naye mchana? Halafu akamweleza kasoro zote za Filfila, kubwa na ndogo, hata namna anavyokojoa radi ikipiga, mpaka Bi Dalenda akamvuta mkono.

"Khemais, mwache basi mtu aondoke na mbwa wake."