Kichupa Juu ya Makaa

Makaa yakianza kushika moto, hutoka nje nisiisikie harufu yake.

Kaka yangu alikuwa na bastola ya upepo, kuukuu, aliyopewa baba na mwajiri wake. Ilitumia gesi ya vichupa vya chuma, vidogo kama kidole, tulivyonunua kwa fundi mmoja wa Makadara. Tulipiga kunguru, tukacheka wakigaagaa.

Asubuhi moja ya baridi kali risasi zilianguka miguuni petu.

"Gesi imelala," kaka alisema. "Hebu amsha kichupa kingine, we kasichana. Fanya kama betri za mama."

Mama alizoea kuanika betri za redio juani zipate nguvu. Siku hiyo jua halikutoka, nikakiweka kichupa kwenye jiko la makaa.

"Umekianika wapi?" kaka aliuliza.

"Si hapo tu, kwenye makaa."

"Ala! Sasa unapika gesi?" Akacheka, akainama akitoe. Kikalipuka. Chuma kilimpasua shingo, damu ikachemka juu ya makaa.

Mama alipokuja mbio, nilimwambia kwamba kaka ndiye aliyekiweka kichupa jikoni.

Hadi leo mama husema, "Yule mtoto aliuawa na utundu wake." Nami humwongezea chai.