Mashavu Ataka Apelekwe Wilayani

Ukuta wa mbele wa nyumba ya Mashavu ulikuwa umekandikwa upya kwa udongo mwekundu, na wanawake wa pale wakishakandika hawaachi ukuta uchi. Wenzake walichora kuku na maua kwa chokaa. Yeye alichora mtu wa tumbo kubwa, kalala chali juu ya kitanda cha kamba katikati ya shamba, mwavuli juu ya kichwa, na wanawake wamemzunguka wanalima. Hakuandika hata neno moja. Angetaka pia asingeweza, kwani kwenye kisomo cha watu wazima alikuwa bado anapigana na herufi ya tano.

Kijiji kilikuwa kichanga. Watu walikuwa wamehamishwa mwaka uliopita kutoka mahame yao, makazi ya zamani upande wa Misima, wakaambiwa waishi pamoja na walime pamoja. Na kweli walilima pamoja. Ila kila siku ya shamba la kijiji, kengele ikishagongwa, Mwenyekiti Sadala aliwaongoza moja kwa moja mpaka kwenye pamba yake mwenyewe. Mahali pale alipaita "kitalu cha mfano".

Sadala alipouona ukuta, shingo ilimvimba.

"Huyu ni mimi!"

"Nani kasema, ndugu Mwenyekiti?" Mashavu aliuliza huku akisugua sufuria.

"Kijiji hiki nani mwingine ana mwavuli?"

"Mimi nimechora mtu tu. Jina umempa wewe."

Jioni mumewe, Mdoe, alimsihi. "Mama Zamda, futa. Watakufunga, na mtoto bado ananyonya."

"Nikifuta nitakuwa nimekiri kwamba nilidanganya. Haya, nilidanganya?"

Mdoe akatazama malengelenge ya pamba viganjani mwake.

Sadala alikwenda polisi. Askari akamshauri ashitaki kwa lugha ya matusi, kesi ndogo, inaisha upesi. Sadala akahisi ametukanwa mara ya pili.

"Matusi ni kesi ya walevi! Mimi ni kiongozi. Andika kashfa ya jinai!"

Neno hilo alilisikia kwenye semina ya viongozi Korogwe, na tangu siku hiyo alikuwa akilitafuna kama nyama ya Idd. Akataka kesi isikilizwe Mahakama ya Mwanzo ya pale pale. Alikuwa na sababu yake: mmoja wa wazee wa baraza wanaokaa na hakimu alikuwa shemeji yake, naye alishamwahidi kwamba mwanamke yule atakula miezi sita.

Siku ya kesi, hakimu Dunstan, mtu wa Vugiri, kwenye baridi ya milimani, aliyevaa sweta hata kwenye joto la Handeni, aliisoma hati ya mashitaka, akairudia.

"Nani ametaka liandikwe kosa hili?"

"Mimi, Mheshimiwa. Nimesisitiza mwenyewe," Sadala alijibu, kifua mbele.

"Basi umesisitiza mpaka umetoka nje ya mlango wangu. Mahakama ya Mwanzo ina makosa iliyopewa kusikiliza, na kashfa ya jinai haimo. Hii ni kesi ya Mahakama ya Wilaya, Handeni mjini."

Shemeji mtu, aliyekuwa na miezi sita tayari kwenye ncha ya ulimi, akaimeza yote.

"Lakini Mheshimiwa, hapa tunajuana..."

"Naona mnajuana sana," hakimu alisema, akimtupia shemeji jicho.

Mashavu akauliza, "Shikamoo mzee. Huko wilayani watanifanya nini?"

"Marahaba. Watakusikiliza. Ukisema ulichokichora ni kweli, na kwamba watu wana faida kukijua, wataita mashahidi. Na mlalamikaji naye ataulizwa."

"Ataulizwa habari za ile pamba?"

"Ataulizwa."

Mabenchi yote yakamgeukia Sadala. Kijasho kikamchuruzika.

"Mheshimiwa, mimi nina moyo wa utu. Namsamehe. Afute tu, yaishe."

"Nani kakuomba msamaha?" Mashavu alisimama, mtoto mgongoni. "Nipelekeni wilayani!"

"Mama, hata kule kifungo kipo," hakimu alimwonya.

"Hapa nilikuwa nifungwe bila kuulizwa. Kule wakinifunga, nitakuwa nimeshasema. Nipelekeni!"

"Na sisi tunakwenda!" jirani yake Efrazia alipaza sauti kutoka benchi la nyuma. "Tuonyeshe viganja!"

Hakimu akairudisha hati kwa polisi. Mlalamikaji akitaka kuendelea, alisema, njia ya Handeni anaijua.

Nje, Sadala alimfuata Mashavu kwa sauti ya chini, kama mtu anayekopa chumvi.

"Ifute basi, dada yangu. Hata usiku, bila watu kuona."

"Nishitaki."

"Nimeshasema yaishe!"

"Yataishia wilayani, ndugu Mwenyekiti. Basi la Handeni ni kesho asubuhi. Ukichelewa nitakushikia kiti."