Mzazi wa Ndani ya Chupa

Apolonia alikuwa mkunga wa Kalenga tangu enzi zile ambazo mwanamke akijifungua hakuonekana uani mpaka amerudisha nguvu zake. Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake. Akina mama aliwakanda kwa maji ya moto na kuwanywesha uji wa ulezi hadi mashavu yakajaa. Kisha yeye na mumewe Kasian wakahamia Ilomba, kumfuata mwana wao Crispin, na huko akakuta hakuna anayemhitaji. Wanawake walizalia hospitali, na baada ya siku mbili tatu wako sokoni na mtoto mgongoni. Watu wakayaita maendeleo. Huenda ni maendeleo, ila hakuna aliyeuliza kama yule mama amelala.

Mwaka wa sabini na sita, kabla ya mvua, mke wa Crispin, aitwaye Lea, alijifungua mtoto wa kiume. Apolonia akaingia na chungu cha uji, kitambaa cha kufungia tumbo, na amri zake zote. Alikataza hili, akalazimisha lile, akafunua shuka kutazama, akaamsha aliyelala ili anywe. Mwishowe Crispin akamwita mama yake pembeni na, macho yakiwa chini, akamwambia kwamba Lea anaomba kupumzika kidogo.

Apolonia alikunja kitambaa chake akaondoka. Hakukanyaga tena pale, na Lea naye hakuja kwake. Mjukuu alimwona kanisani tu, toka mbali. Hilo lilimla moyo kuliko uzee.

Kasian alikuwa mfagizi katika kituo cha utafiti cha Uyole. Huko alimsikia bwana wadudu, mtafiti wa kituo, akieleza kwamba mvua za kwanza zikinyesha, sisimizi wenye mabawa huruka kwenda kuoana, na jike akishatua hujikata mabawa, akachimba shimo, akajifungia humo peke yake azae. Ukimwokota wakati huo na kumweka katika chupa, utauona ukoo ukianza mbele ya macho yako. Kasian hakuwa mtu wa michezo. Lakini alikuwa amemwona mkewe anavyoshinda amekaa, mikono mapajani, na mvua ilipofika alirudi nyumbani na jike jeusi, nene, ndani ya ganda la kiberiti.

"Mama Crispin, nimekuletea mzazi."

Apolonia aliinama akatazama. "Mumewe yuko wapi?"

"Amekufa. Madume wakishaoa, wanakufa."

"Afadhali. Hatamsumbua."

Wakaosha chupa ya dawa ya kikohozi, wakatia maji kidogo, wakashindilia pamba juu ya maji ili mwenyewe apate unyevu asizame, wakamwingiza, wakaziba mdomo kwa pamba nyingine. Kasian akaizungushia kipande cha kaniki na kuilaza ndani ya kikapu, karibu na ukuta wa jikoni wenye joto. Alisema bwana wadudu ameagiza maji, giza na kimya, basi. Chakula asipewe mpaka watoto watoke, kwa kuwa anaishi kwa akiba ya mwili wake.

Agizo hilo lilimshinda Apolonia. Mzazi gani anakaa bila uji? Kila Kasian alipokwenda kazini, alifunua kaniki, akachomoa pamba, akadondosha uji kwa ncha ya unyasi. Mwanzoni aliona mayai, madogo kama punje za chumvi, akafurahi. Baadaye yakapungua. Uji ukaota ukungu mweupe, na jike akawa anazunguka zunguka ukutani mwa chupa kama mtu aliyepotelewa.

Alipomwonyesha mumewe, Kasian hakumgombeza. Alisema tu kwamba jike huyo akisumbuliwa sana, hula mayai yake mwenyewe.

"Kwa nini?"

"Anaona pale si mahali pa kulelea."

"Nilikuwa namlisha."

"Najua, mama. Lakini kila ukimlisha, unamfungulia mlango."

Apolonia alikaa chini.

Waliosha chupa nyingine, wakaikutanisha na ya kwanza mdomo kwa mdomo, wakazungushia kitambaa. Mpya wakaifunika, ile yenye ukungu wakaiacha kwenye mwanga. Jike alisita. Kisha akabeba mayai yaliyosalia kwa kinywa chake, akahamia gizani.

Kungoja kulimtesa Apolonia. Alichambulia maharage kando ya kikapu, na mara nyingi mkono wake ulikwenda kwenye kaniki, akaurudisha. Noeli ikapita. Siku Kasian aliposema sasa tunaweza kutazama, walikuta sisimizi wadogo, rangi ya chai nyepesi, wakimlamba mama yao. Apolonia aliwawekea tone la asali, akafunika upesi, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Ikafika Jumamosi moja kabla ya Kwaresima, Lea akasimama mlangoni na mtoto anayelia mgongoni. Macho yalikuwa mekundu. Alimwamkia mkwewe, kisha akasema:

"Mama, silali."

Mkono wa Apolonia ulikuwa tayari umeelekea kwenye chungu, na maneno yamejaa kinywani: umekula nini, umefunga tumbo, nilikwambia. Akayameza. Alimpokea mtoto, akamwonyesha Lea kitanda, akaweka kikombe cha maji karibu naye, akafunga dirisha la mbao, akatoka, akavuta mlango.

Akakaa kizingitini na mjukuu kifuani. Jirani aliyekuja kusalimu alionyeshwa kidole mdomoni, akapita zake.

Alasiri Kasian alirudi kutoka kazini na koti lililolowa, akataka kuingia. Apolonia akainua kiganja.

"Nani yuko ndani?"

"Lea."

"Amekula?"

"Hajaomba."

Kasian alivua koti, akalikung'uta, akaketi kando yake chini ya ukingo wa bati. Mtoto alikuwa amelala.